Toka mawese mpaka verni: historia ya mbao na hewa ya nyumba zetu

Mtu akileta kitanda kipya nyumbani, majirani wanasifu kwanza kung'aa kwake, kisha harufu: "Kweli, hiki ni kipya!" Sisi tunasema harufu ile ina historia yake, nayo si ya kuchekea.

Mafundi wa Baluba na Bahemba walisifiwa kwa viti vya machifu, mito ya mbao na sanamu za wahenga, zile Bahemba wanazoziita singiti. Kazi ikiisha, mti ulipakwa mafuta, mara nyingi mawese, pengine pamoja na nkula, ule unga mwekundu wa mti wa mkula. Ulipakwa tena na tena, kwa mikono, miaka na miaka. Mawese hayakauki, yanaingia ndani ya mti na kukaa humo. Ndiyo maana sanamu nyingine za Baluba zilizopelekwa Ulaya zinatoa jasho la mafuta mpaka leo.

Lakini tusidanganyane: nyumba ya wazee haikuwa na hewa safi. Moto uliwaka ndani, na moshi uliokoza weusi wa mbao uliingia pia vifuani. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Nafuu ilikuwa paa la nyasi, maana lilipitisha hewa kidogo.

Mwaka 1915 reli iliunganisha Kabalo na Kalemie, ikipitia hapa Nyunzu. Wakati wa ukoloni zikaja nyumba za matofali na mabati, rangi za kopo, verni, baadaye tripleksi. Verni ni kinyume cha mawese: inakauka kwa sababu maji yake makali, kama tolueni na ksileni, yanaruka hewani. Yanaumiza kichwa, yanachoma macho na koo. Gundi ya tripleksi nayo inatoa formaldehidi, polepole, kwa miezi na hata miaka, na joto linaizidisha. Mwaka 2004 wataalamu wa OMS wa mambo ya kansa walioko Lyon waliiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu.

Baada ya vita vya 2016 na 2017 nyumba nyingi za eneo letu ziliungua, na watu wakaanza upya, kitanda na mlango pia. Kumbe kitanda kinapakwa verni asubuhi, jioni kiko chumbani, dirisha limefungwa kwa hofu ya mbu na wezi, na mama analala hapo na mtoto mchanga.

Hatusemi turudie mawese. Tunasema tuchukue uvumilivu wa wazee, ambao hawakuharakisha mti. Verni ipakwe nje. Kitanda kikae kwenye baraza siku nyingi, mpaka harufu iishe, kisha dirisha lifunguliwe kila mchana. Na fundi mwenyewe, pamoja na vijana wake, wasipake ndani ya chumba kilichofungwa, maana wao ndio wanaoivuta kila siku.