Waliua Watu, Wakashtakiwa kwa Jina la Chupa

Tuongee kuhusu dawa ya maji. Ile ya kikohozi, nzito, tamu, ambayo mtoto analamba kijiko mpaka king'ae. Mara nyingi uzito na utamu huo ni gliserini. Ndiyo, ile ile unayopaka ngozi ukitoka kuoga. Kazi yake humo ndani ni kubeba dawa na kuifanya imezeke. Ikiwa safi, haina noma.

Sasa twende Marekani, 1937. Penisilini bado haijafika madukani, na dawa inayosifiwa kwa koo ni salfanilamaidi, ya vidonge na unga. Kampuni ya S. E. Massengill kule Tennessee ikataka kuuza ya maji. Shida ni kwamba salfanilamaidi haiyeyuki vizuri kwa maji. Mkemia wao akaijaribu kwa kitu kinaitwa daiethilini glaikoli, ikayeyuka fiti. Tena ni tamu. Wakaongeza ladha ya raspiberi, wakaiita Elixir Sulfanilamide. Walipima ladha, harufu na muonekano. Sumu je? Hawakupima, na sheria haikuwalazimisha.

Daiethilini glaikoli inaharibu figo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto.

Hapa ndipo mimi huchemka. Kampuni haikushtakiwa kwa vifo. Ilishtakiwa kwa jina! "Elixir" ilimaanisha dawa yenye pombe, na hii haikuwa na pombe. Yaani, wangeiita jina lingine, serikali haingekuwa hata na uwezo wa kuinyakua madukani. Mwaka 1938 ndio sheria mpya ikapita: thibitisha dawa ni salama kwanza, ndio uuze.

Utadhani hadithi iliishia hapo. Wapi! Nigeria 1990, watoto wakafa. Nigeria tena 2008, dawa ya watoto wanaoota meno. Gambia 2022, watoto karibu 70. Sumu ni ile ile. Gliserini safi ni ghali, daiethilini glaikoli ni rahisi, na zote mbili ni tamu, nzito, hazina rangi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mtu mahali fulani anaokoa pesa, mwingine anaruka kipimo, na mzazi anamimina kijiko akidhani anasaidia.

Kwa hivyo ukisikia Bodi ya Famasia na Sumu imeagiza dawa fulani irudishwe, usicheke ati ni drama za serikali. Angalia namba ya bachi kwa chupa yako. Nunua kwa duka la dawa lililosajiliwa, si kwa mtu wa begi pale steji. Na kama mtoto amekunywa dawa halafu haendi haja ndogo, au anakojoa kidogo sana, anatapika, usingoje kesho. Mpeleke hospitali na chupa mkononi.

Sitaki uogope dawa. Nataka ujue kwamba hiyo chupa ikiwa salama, ni kwa sababu kuna mtu aliipima. Siku asipopima, utamu hautakuambia.