Jaji Nje ya Ukumbi

Mwamba ngoma, wasema wahenga, huvutia kwake. Jaji ndiye asiyeruhusiwa kuvuta.

Augustino Ramadhani alizaliwa Zanzibar mwaka 1945. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akalitumikia jeshi, ambako alifikia cheo cha brigedia, na akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Mwaka 1989 aliingia Mahakama ya Rufani ya Tanzania; mwaka 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Juni 2010, jopo la majaji saba chini yake liliamua kwamba suala la mgombea binafsi, lililoanzishwa na Mchungaji Christopher Mtikila, ni la kisiasa, na mwenye kulimaliza ni Bunge. Mwezi uliofuata, Umoja wa Afrika ulimchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha. Mtikila naye akalipeleka shauri lake huko huko.

Kanuni za mahakama hiyo humzuia jaji kusikiliza shauri la nchi yake. Ramadhani akakaa kando. Juni 2013 wenzake walitamka kwamba Tanzania imekiuka haki za Mtikila, kinyume cha alivyoona yeye.

Hakuondoka kwa hasira. Septemba 2014 majaji wa mahakama hiyo walimchagua kuwa Rais wao, akaongoza hadi 2016. Alifariki Aprili 2020. Wamhesabiao vyeo wasiusahau ule wakati alipokuwa nje ya ukumbi, shauri likiamuliwa bila yeye.