Chanjo Zilizoteketezwa Lilongwe

Tarehe 19 Mei, 2021, katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, viongozi wa afya wa Malawi walikusanyika mbele ya tanuri la kuchomea taka za hospitali. Waandishi wa habari na wapiga picha walikuwapo, kwa kuwa walialikwa. Mbele ya macho yao, Waziri wa Afya, Bibi Khumbize Kandodo Chiponda, alisimamia kuteketezwa kwa dozi 19,610 za chanjo ya UVIKO-19 aina ya AstraZeneca. Dozi hizo zilikuwa zimepita tarehe yake ya mwisho, yaani tarehe 13 Aprili.

Serikali ya Malawi ilitoa sababu iliyo wazi. Habari za kuwapo kwa chanjo zilizopitwa na wakati zilipoenea mijini na vijijini, watu walipungua vituoni. Basi ikaonekana kuwa njia pekee ya kuwahakikishia wananchi kwamba hakuna atakayechomwa sindano ya dawa iliyokwisha muda ni kuichoma moto dawa hiyo hadharani.

Tukio hilo lilishangaza wengi barani Afrika. Wakati huo nchi nyingi maskini zilikuwa zikililia chanjo na kuzilaumu nchi tajiri kwa kuzihodhi. Iliwezekanaje basi nchi maskini ipate chanjo kisha iishie kuzitia motoni?

Jibu jepesi ni kusema kwamba wananchi wa Malawi walikuwa wajinga, au kwamba waliichukia sindano. Historia inakanusha jambo hilo. Tarehe 23 Aprili, 2019, miaka miwili tu kabla ya moto wa Lilongwe, Malawi ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuanza kuwapa watoto chanjo ya malaria katika mpango wa majaribio ulioihusisha pia Ghana na Kenya. Kina mama wa Malawi walikuwa na desturi ya miaka mingi ya kuwapeleka watoto wao kliniki kuchanjwa surua, pepopunda na polio. Hawakuwa watu wasioijua chanjo. Yapasa basi kutazama yaliyotokea kati ya Januari na Mei mwaka 2021.

Mwaka huo ulianza kwa msiba. Tarehe 12 Januari, mawaziri wawili, Bwana Lingson Belekanyama na Bwana Muhammad Sidik Mia, walifariki dunia kwa UVIKO-19 siku hiyo moja. Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa katika nchi nzima. Tarehe 5 Machi ikawasili shehena ya kwanza ya dozi 360,000 kwa njia ya mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Tarehe 11 Machi Rais mwenyewe alichanjwa hadharani mjini Zomba, na Makamu wake, Dakta Saulos Chilima, akachanjwa Mzuzu. Kwa upande wa uongozi, mfano ulitolewa mapema. Hata hivyo mfano huo ulikutana na upepo mkali uliovuma kutoka pande mbili.

Upepo wa kwanza ulitoka Afrika ya Kusini. Tarehe 7 Februari nchi hiyo ilisimamisha mpango wa kutumia AstraZeneca baada ya utafiti kuonyesha kwamba chanjo hiyo ilitoa kinga ndogo dhidi ya ugonjwa mwepesi uliosababishwa na aina mpya ya kirusi iliyokuwa imeenea huko. Utafiti huo ulihusu watu wapatao 2,000, wengi wao vijana, na haukuwa na uwezo wa kuonyesha kama chanjo inazuia ugonjwa mkali na kifo. Lakini sehemu hiyo ya pili ya habari haikusafiri kwa kasi ya sehemu ya kwanza. Afrika ya Kusini ikaziuza dozi zake kwa Umoja wa Afrika, nao Umoja ukazigawa kwa nchi nyingine. Kwa masikio ya mwananchi wa kawaida jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: kilichokataliwa na tajiri wa kusini kinaletwa kwa maskini wa kaskazini yake.

Upepo wa pili ulitoka Ulaya. Katikati ya Machi, siku chache tu baada ya Rais Chakwera kuchanjwa, Ujerumani, Ufaransa, Italia na nchi nyingine zilisimamisha kwa muda chanjo hiyo hiyo kwa sababu ya taarifa za damu kuganda kwa baadhi ya waliochanjwa. Idara ya dawa ya Ulaya ilichunguza, na tarehe 7 Aprili ikatamka kwamba kuganda kwa damu kwa namna isiyo ya kawaida kuorodheshwe miongoni mwa madhara ya nadra sana ya chanjo hiyo, lakini manufaa yake yanazidi hatari zake. Hapa pia, habari ya kusimamishwa ilifika kila mahali, na habari ya kurejeshwa ikafika kwa wachache.

Katikati ya mashaka hayo, tarehe 26 Machi, Malawi ilipokea dozi 102,000 kutoka Umoja wa Afrika. Zilikuwa zimebaki siku 18 kufika tarehe yake ya mwisho. Askari yeyote aliyewahi kushughulikia ugavi anajua ugumu wa kazi hiyo. Chanjo husafirishwa katika baridi. Hupelekwa katika wilaya, kisha katika zahanati, kisha humngoja mtu aamue kuja. Dozi nyingi zilitumika kwa wakati. Zile 19,610 hazikutumika.

Tena palikuwa na kauli zilizogongana. Watengenezaji wa dozi hizo nchini India walikuwa wamerefusha muda wa matumizi hadi Julai, na wakuu wa afya wa Umoja wa Afrika wakazishauri nchi zisizitupe. Lakini vichupa vilikuwa na tarehe ya Aprili iliyoandikwa kiwandani. Muuguzi wa kijijini angemwonyesha nini mwananchi aliyeuliza? Serikali ilichagua kuiheshimu tarehe iliyoandikwa. Wako waliosema kwamba ilikosea kitaalamu, na wako waliosema kwamba haikuwa na njia nyingine ya kurudisha imani. Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Penye pengo la maelezo, uvumi haukukawia kuingia. Ulinong'onwa kwamba sindano inatia utasa, na kwamba ni hila ya kuwapunguza Waafrika. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na mwenye kueneza uvumi huutegemea sana msemo huo. Nguvu ya uvumi huo ilitokana na kuchanganya uongo mwingi na kweli kidogo. Kweli palikuwa na damu iliyoganda, japo kwa nadra sana. Kweli palikuwa na chanjo zilizopita muda. Aliyekana yote kwa mkupuo mmoja alionekana mwongo, na baada ya hapo hata alipotamka la kweli hakusikilizwa.

Gharama yake ilionekana upesi. Katikati ya mwaka huo wimbi la tatu la ugonjwa lilipanda. Watu wakarudi vituoni, na foleni zikawa ndefu. Lakini safari hii chanjo ndizo zilizokosekana, kwa sababu India, iliyokuwa ikiyahudumia mataifa mengi, ilikuwa imezuia kuziuza nje ili kukabiliana na maafa yake yenyewe. Wako waliokuwa wamepata dozi ya kwanza wakaikosa ya pili.

Malawi haikuwa peke yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilipokea dozi milioni 1.7 mwanzoni mwa Machi, 2021. Kwa kusikia habari za Ulaya, iliahirisha kuzitumia hadi tarehe 19 Aprili. Muda ukawa umekwenda, na ikabidi dozi zipatazo milioni 1.3 zitolewe zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Tanzania nayo haikuwa nje ya ubishi huo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Serikali ilikuwa imetamka kwamba haina mpango wa kuagiza chanjo hizo. Ilikuwa tarehe 28 Julai ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani mjini Dar es Salaam na kuanzisha kampeni ya taifa. Kwa hiyo hakuna jirani mwenye haki ya kumcheka mwenzake.

Mwezi Desemba, 2021, Malawi ilichukua hatua iliyowagusa moja kwa moja watu wa majeshi. Ilitangazwa kwamba kuanzia Januari, 2022, chanjo itakuwa lazima kwa watumishi walio mstari wa mbele, wakiwamo wauguzi, walimu, waandishi wa habari, polisi na askari. Ubishi ukazuka papo hapo kati ya waliosema kwamba anayekutana na umma hana haki ya kuupelekea ugonjwa, na waliosema kwamba mwili wa mtu haulazimishwi.

Katika jeshi amri ni uhai. Lakini askari ana mke, ana wazazi, ana majirani kijijini, nao hawako chini ya amri hiyo. Amri inaweza kumfikisha askari mbele ya muuguzi. Haiwezi kumpa la kumjibu mama yake anayemwuliza kama ile sindano ni salama. Jibu hilo hupatikana kwa askari kuelezwa ukweli wote, pamoja na sehemu yake isiyopendeza: kwamba aliyechanjwa bado anaweza kuambukizwa, kwamba kinga hupungua kadiri miezi inavyopita, kwamba madhara makubwa yapo, ingawa ni ya nadra sana, na kwamba pamoja na hayo yote, chanjo hupunguza sana hatari ya kulazwa na kufa. Askari anayevaa kofia ya chuma hajaambiwa kwamba adui hatafyatua risasi. Ameelezwa kofia inazuia nini na haizuii nini, ndiyo maana anaivaa.

Historia ya eneo hili ina mfano wa zamani kidogo unaostahili kukumbukwa. Mwezi Oktoba, 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alishikwa na ndui. Alikuwa amepanda gari moja na wagonjwa wawili ili kumwonyesha dereva njia. Alifanya kazi mahali ambapo chanjo ilikuwapo, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja. Vizuizi vikawekwa barabarani na kwenye njia za miguu, na watu kwa maelfu wakachanjwa. Ndui haikupita hapo. Maalin alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida.

Baadaye mtu huyo alijiunga na kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake. Alipokutana na wazazi wenye wasiwasi hakuwatukana. Aliwasimulia yaliyompata yeye mwenyewe kwa kuikwepa chanjo. Alifariki kwa malaria mwezi Julai, 2013, akiwa katika kazi hiyo.

Haja ya watu wa namna yake ilirudi mapema kuliko ilivyotazamiwa. Mwezi Februari, 2022, ilitangazwa kwamba mtoto wa miaka mitatu mjini Lilongwe, mji ule ule wa tanuri, amepooza kwa polio, ugonjwa ambao kirusi chake cha asili kilikuwa hakijaonekana Afrika kwa zaidi ya miaka mitano. Mwezi uliofuata Malawi, Tanzania, Zambia na Msumbiji zilianza kampeni ya pamoja iliyolenga watoto zaidi ya milioni 9. Katika Tanzania kazi ilianzia Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, yaani mikoa inayopakana na Malawi au iliyo jirani nayo. Wachanjaji walibisha hodi katika nyumba zile zile ambamo maneno ya mwaka 2021 yalikuwa hayajasahauliwa, na walitakiwa kujibu maswali hayo kabla ya kufungua kinywa cha mtoto.

Tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Lakini maradhi ya mlipuko hayajaisha, wala hayaulizi pasi mpakani. Yakija mengine, polisi ndiye atakayewekwa kwenye kizuizi, na mwanajeshi ndiye atakayepeleka masanduku ya dawa mahali ambapo magari ya kawaida hayafiki. Wananchi watawauliza hao kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa hao ndio watakaokuwa mbele yao. Dozi 19,610 ziliteketea Lilongwe kwa sababu muda wa kuwajibu wananchi ulikwisha kabla majibu hayajafika. Majibu hayo yapasa kuandaliwa wakati wa amani, kambini na vituoni, kama inavyoandaliwa silaha kabla ya vita.