Siku Tulipoyafuata Maji Hadi Nyumba ya Mungu

Ndugu zangu wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani, mkiulizwa Kikafu na Weruweru inakwenda wapi, mtajibu nini? Sisi tulijibu, "Bondeni," basi. Ndipo mwalimu wetu wa jiografia akatupakia kwenye lori, Jumamosi moja ya mwaka 1975.

Tulishuka Moshi, tukapita Himo, kisha tukaiacha barabara ya Same na kuingia vumbini. Migomba ilikwisha, sweta zikawa mzigo. Mara likatokea bwawa, maji mapana katikati ya nyika kavu.

Mwalimu alieleza kwamba Kikafu, Weruweru na Karanga humwaga maji yake Kikuletwa, na Kikuletwa huingia humo. Upande wa pili huja Ruvu, itokayo Ziwa Jipe. Yakishatoka bwawani, maji hayo ndiyo Mto Pangani. Bwawa lilijengwa miaka ya 1960 ili kuweka akiba ya masika, mitambo ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, isikose maji wakati wa kiangazi. Baadaye ikafungwa mitambo ya megawati 8 papo hapo. Wavuvi nao walimiminika. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani 20,000. Tulipofika sisi samaki walikwisha pungua, lakini perege wa kuchoma tulikula, ingawa watoto wa migombani tulihangaika sana na miiba.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Kumbe mfongo wa babu unawapunguzia watu wa Hale umeme?" Mwalimu alinyamaza. Swali lilikuwa zito. Sheria ya mwaka 1974 ilikuwa imetangaza kuwa maji yote ni mali ya Taifa. Lakini mifongo ilichimbwa na koo zetu kabla Mjerumani hajaja, ikigawiwa kwa zamu na kuzibuliwa kwa msaragambo. Ilipoundwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani mwaka 1991, na habari za vibali na ada zikafika migombani, baba yangu aliuliza kama mvua nayo italipiwa. Nilimcheka. Leo sina hakika kama nilikuwa na haki ya kucheka, maana aliyechimba mfereji hakuulizwa kitu.

Tulirudi usiku. Mjini Moshi taa za umeme zilikuwa zikiwaka barabarani. Tulipanda mlima, na nyumbani mama alikuja kunifungulia mlango akiwa na kandili mkononi.