Kisanduku cha Habari Nyumbani: Toka Redio hadi King'amuzi

Tusemapo kwamba king'amuzi ni kitu kigeni Rufiji, twaisahau redio. Baada ya mafuriko ya 1968 wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya miinukoni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili nchini kote. Walisikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Kisanduku kimoja kilitosha kundi zima. Adha yake ilikuwa betri: zilipodhoofu zilianikwa juani, sauti ikarejea kwa muda.

Televisheni ilichelewa kufika Bara hadi 1994. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam kwanza. Asiye na king'amuzi akabaki na kioo cheusi. Hatukatai: picha imetakata, na stesheni zimeongezeka. Lakini kipato cha mvuvi wa kamba wa Delta hufuata bamvua na maji mafu, hali kifurushi huhesabu siku za kalenda. Kikiisha, mpira hukatika katikati ya kipindi. Ndipo watu humwendea jirani aliyelipia, au, wakiwa Kibiti mjini, hutoa kiingilio katika kile vijana wakiitacho kibanda umiza. Na kisanduku kimoja chatosha tena kundi zima.