Baraa: Kutengwa na Jamati Kati ya Maandiko na Mahakama

Miongoni mwa jumuiya za wafanyabiashara wa Kigujarati waliolowea Mombasa, Mabohora wa Daudi, ambao msikiti wao umesimama Mji wa Kale karibu na bandari ya zamani na ambao mmoja wao, Alibhai Mulla Jeevanjee, alianzisha gazeti la African Standard mjini humo mwaka 1902, ndio walioiwekea utaratibu ulio wazi zaidi adhabu ya baraa, yaani kumkana mtu na kumtoa katika jamati. Bohora anapobaleghe hula mithaqi, kiapo cha utii kwa Imamu aliyeghibu na kwa Dai anayemwakilisha. Akihesabiwa kuwa amekivunja, huweza kufungiwa msikiti na makaburi, na lililo zito zaidi, jamaa zake wenyewe hutakiwa wasimwendee. Katika mji wa bandari, ambamo mkopo wa duka, posa ya binti na sanda ya mzee vilipitia mikono ile ile, mtu aliyetengwa alifungiwa biashara na nyumba kwa kufuli moja.

Dalili inayotajwa sana kuhalalisha utengano wa namna hii ni kisa kilichomo katika Sura ya Tawba, aya ya 118, ambacho waliokaa darsani misikiti ya Bondeni na Kibokoni wanakifahamu: watu watatu walikosa kwenda katika msafara wa vita wa Tabuk bila udhuru, na kwa siku 50 hakuna aliyesema nao. Mmoja wao, Kaab bin Malik, alikwea ukuta wa kitalu cha binamu yake Abu Qatada, akamtolea salamu, asiitikiwe. Hata hivyo kisa hicho hakiwezi kubeba mzigo wote kinaotwikwa, kwa kuwa watatu hao hawakuwa wametoka katika dini bali walikiri kosa wakiwa ndani yake, amri ilitoka kwa Mtume mwenyewe, na mwisho wake ulikuwa toba kukubaliwa na watu kukimbilia kumpongeza Kaab. Hadithi mashuhuri inakataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na Sura ya Luqman, aya ya 15, inamtaka mtoto akae kwa wema na wazazi wanaomshurutisha ushirikina, ingawa asiwatii katika hilo. (Hukumu ya kuritadi ni mlango mwingine wa fiqhi, na aghalabu haumhusu aliyepigwa baraa, ambaye huendelea kusali na kufunga.) Isitoshe, Makureshi waliposusia ukoo wa Mtume, wa Hashim, na kuitundika hati yao ndani ya Kaaba, hadi ikaliwa na mchwa, Waislamu waliuhesabu ususiaji huo kuwa dhuluma.

Wakristo nao wana mvutano huo huo: Paulo anawakataza Wakorintho kula na ndugu mwovu, lakini anawaagiza Wathesalonike wasimhesabu asiyetii kuwa adui, bali wamwonye kama ndugu.

Mahakama hazikuwa na kauli moja. Mwaka 1947 Baraza la Faragha la London, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa kikomo cha rufaa za Mombasa pia, lilikubali kwamba Dai ana mamlaka ya kutenga, ila si kwa matakwa yake tu, bali baada ya onyo na kwa sababu iliyotangazwa. Jimbo la Bombay lilipiga marufuku adhabu hiyo kwa sheria ya mwaka 1949. Mahakama ya Juu ya India ikaitangua sheria hiyo mwaka 1962, kwa hoja kwamba kutenga ni njia ya dini kujihifadhi, na Februari 2023 ikaipeleka hukumu yake yenyewe mbele ya jopo la majaji tisa iangaliwe upya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 32, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi, kazi au huduma kwa sababu ya imani yake, lakini haina kifungu cha kumlazimisha Abu Qatada kuitikia salamu.