Gari Likikataa Kuwaka: Kosa Lilianzia Wapi?

Leo tuache kompyuta kidogo, ingawa naona tutarudi huko huko. Gari lililowaka vizuri jana, asubuhi hii linakataaje?

Zamani jibu lilikuwa mkononi mwako. Ulichomeka hendeli mbele ya injini ukaizungusha, na injini ikirudi nyuma ghafla iliweza kukuvunja mkono. Aliyeondoa adha hiyo ni Charles Kettering, mhandisi wa Marekani. Awali alifanya kazi National Cash Register, akaunda mota ndogo ya umeme kwa ajili ya mashine za kupokelea fedha dukani. Mota ya aina hiyo haifanyi kazi kutwa. Hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha hupumzika. Stata ni wazo lile lile. (Sisi waandishi wa programu tunajua raha ya kuhamisha kazi ya zamani hadi mradi mpya!) Cadillac za 1912 zikatoka nayo, pamoja na jenereta ya kuchaji betri.

Lakini tazama kilichoingia pamoja na raha hiyo. Hendeli ilizungusha injini hata betri ikiwa imekufa. Stata bila betri ni chuma tu. Kila kazi iliyotolewa mkononi mwa dereva iliacha sababu mpya ya gari kugoma, na fundi mzuri huzifuata moja moja. Ukigeuza ufunguo ukasikia "tik" na taa zikafifia, anza na betri na nyaya zake. Sugua ule unga mweupe. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki, betri na stata hazina kosa. Tafuta petroli na cheche. Anayekuuzia betri mpya hapo anakula pesa zako bure.

Halafu ukaja mwaka 1986. Chevrolet Corvette ilipewa ufunguo wenye rezista ndani yake, ya kipimo kimoja kati ya 15. Kipimo kisipolingana, stata haizunguki na petroli haiji, na unangoja dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena. Nyaya nyembamba za kwenye usukani zikikatika, mwenye gari alizuiwa sawasawa na mwizi. Hapo hakuna kilichoharibika kwenye injini. Gari limenyimwa ruhusa, kama wewe ukikosea nywila.

Baadaye chipu ndani ya ufunguo ikachukua nafasi ya rezista, na Umoja wa Ulaya ukalazimisha kinga hiyo kwenye magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998. Kusukuma gari lililonyimwa ruhusa namna hiyo ni kujichosha. Likiwaka kisha likazima baada ya sekunde moja au mbili, huku taa ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi, jaribu ufunguo wa pili kabla hujafungua boneti. Na unaponunua gari lililotumika, uliza kwanza funguo zake ni ngapi.